Mtungi wa Gesi Katika Karakana ya Sonara

Katika somo la toleo hili tunaizungumzia kazi ambayo wengi hawaikumbuki inapotajwa hatari ya moto, nayo ni kazi ya usonara. Tumezoea kuwaonya wananchi juu ya koroboi, ambazo hapa kwetu huitwa tadoba, juu ya mishumaa inayoachwa ikiwaka, na juu ya majiko ya mkaa yanayoingizwa ndani usiku kwa sababu ya baridi. Maonyo hayo yangali pale pale. Lakini katika makazi ya Nakivale, na vivyo hivyo katika mitaa ya Mbarara, wapo mafundi wanaotengeneza pete, hereni, bangili na mikufu majumbani mwao. Baadhi yao walikuja na ufundi wao kutoka Kivu, Bujumbura au Mogadishu, wakiwa hawana mzigo mwingine isipokuwa koleo na nyundo ndogo. Sonara wa zamani alitumia mkaa, mvukuto na mrija wa kupulizia kwa mdomo. Sonara wa leo hutumia mtungi wa gesi.

Hatuandiki haya ili kumfungia mtu kazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamtambua mkimbizi kuwa na haki ya kujishughulisha na kilimo, viwanda, kazi za mikono na biashara, kwa kufuata sheria za nchi. Sonara anayefanya kazi yake kwa uwazi hana sababu ya kujificha anapomwona askari. Tunalisema hili mapema kwa kuwa hofu ya polisi ndiyo inayowafanya baadhi ya mafundi kufunga dirisha na kuziba mlango kwa turubai wanapowasha moto, na chumba kilichozibwa ndicho chumba kibaya kuliko vyote kwa kazi ya gesi.

Ni vyema kwanza tuielewe gesi yenyewe. Iliyomo mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, ambayo imegandamizwa mpaka ikawa kimiminika. Ukiutikisa mtungi utasikia kitu kikichezacheza kama maji. Kimiminika hicho kinapotoka hugeuka kuwa hewa na kutanuka mno, kiasi kwamba lita moja huzaa zaidi ya lita 200 za gesi. Kwa asili yake haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoijua, inayofanana na ya kabichi iliyooza, huongezwa makusudi na wauzaji ili pua itutahadharishe.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani huizidi hewa kwa uzito mara moja na nusu, na butani mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi kwenda darini kama moshi wa kuni. Hushuka, ikatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ikatafuta mashimo, pembe, mifereji na uvungu wa kitanda, ikatulia huko. Aliyesimama huenda asiisikie harufu yake, ilhali aliyelala chini yumo ndani yake.

Sasa tuitazame nyumba ya sonara wetu. Mara nyingi ni chumba kimoja au viwili, chenye kuta za miti na udongo au za matofali, na paa la mabati au turubai. Mchana meza ya kazi huwekwa karibu na dirisha. Jioni meza husogezwa, mikeka na magodoro hutandikwa, na watoto hulala chini. Mtungi nao husukumwa kwenye pembe ya chumba hicho hicho, au chini ya kitanda cha wazazi.

Tufanye hesabu kidogo. Chumba chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina ujazo wa mita 22.5 za hewa. Gesi ikifika sehemu 2 tu katika kila sehemu 100 za hewa, cheche yoyote inaweza kuilipua. Sehemu 2 katika 100 za chumba hicho ni kama lita 450, na kilo moja ya gesi hutoa takriban lita 500. Maana yake ni kwamba mtungi mdogo wa kilo 6, ukivuja kidogo kidogo usiku kucha, hauhitaji kuisha ili kukijaza chumba kizima. Inatosha sehemu moja katika sita. Na kwa kuwa gesi haitawanyiki sawasawa bali hutuama sakafuni, hatari hufika kabla hata ya kilo hiyo kutoka. Alfajiri mama huamka, akawasha kiberiti ili achemshe chai.

Tumewauliza mafundi kwa nini mtungi unalala ndani, na jibu limekuwa moja: wezi. Jibu hilo si la upuuzi, na sisi wa polisi hatuwezi kulipuuza. Mtungi ni mali. Ununuzi wake ni wa fedha nyingi kwa mtu anayeuza bangili moja moja, na ukiachwa nje bila kinga huenda usikutwe asubuhi. Hata hivyo tunaomba kila fundi aziweke hasara mbili hizi pamoja azipime. Mtungi ulioibwa unaweza kununuliwa tena baada ya miezi ya kudunduliza. 

Ipo njia ya kati, nayo haihitaji gharama kubwa. Mtungi ukae nje ya ukuta wa karakana, upande usio na mlango wa kulala wala dirisha la chini, ndani ya kizimba cha nondo au wavu mzito wa chuma kilichofungwa kwa kufuli na kushikizwa ukutani. Kizimba kiwe na paa dogo la kuzuia jua na mvua, lakini pande zake ziwe wazi, hasa chini kabisa, ili gesi ikivuja ipate pa kupita. Kisiwe sanduku la mbao lililozibwa kila upande. Mtungi usifukiwe wala usiwekwe shimoni, hata kama shimo linaonekana kuwa maficho mazuri, kwa kuwa shimo huikusanya gesi kama kisima kinavyokusanya maji. Usimame wima juu ya matofali au saruji, mbali na mfereji wa maji machafu, mbali na jiko la jirani, mbali na petroli na mafuta ya taa. Mpira upite katika tundu la ukutani lililozungushiwa kipande cha bomba ili udongo na matofali visiukwaruze. Ufunguo wa kufuli ukae mahali panapojulikana na watu wazima wote wa nyumba hiyo, kwa sababu siku ya moto hakuna atakayekuwa na wakati wa kumtafuta baba aliyekwenda sokoni.

Fundi aandike pia namba iliyogongwa kwenye chuma cha mtungi wake na kuihifadhi pamoja na risiti. Mtungi ukiibwa, namba hiyo ndiyo itakayotuwezesha kumtofautisha mwenye mali na mwenye kusingizia. Kuripoti wizi kituoni hakulipiwi, na askari yeyote asidai malipo kwa kazi hiyo.

Kwa yule ambaye kwa sasa hana uwezo wa kujenga kizimba, tunamwomba walau usiku afunge koki ya mtungi yenyewe, aondoe regyuleta, arudishe kifuniko cha plastiki, na mtungi usilale katika chumba wanacholala watu. Kuzima kichomeo peke yake si kufunga gesi. Mpira unabaki umejaa, na ndio unaotobolewa na panya.

Kuhusu regyuleta, yaani kile kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi, lipo kosa ambalo linapatikana zaidi kwa masonara kuliko kwa wapishi. Regyuleta ya jikoni hushusha mgandamizo mpaka karibu na milibari 30, ambao ni mdogo sana. Unalifaa jiko, bali mwali wake ni dhaifu kwa kuyeyusha. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, dhahabu kwenye 1,064 na shaba nyekundu kwenye 1,085. Fundi anayeona tinkali inachelewa kuyeyuka na metali haifiki hushikwa na tamaa ya kuitoa regyuleta na kuunganisha mpira moja kwa moja kwenye mtungi, au kuifungua na kuichezea springi yake. Hapo gesi hutoka kwa nguvu yake yote ya mtungini, kwenye mpira ambao haukutengenezwa kuistahimili. Mpira hupasuka au huchomoka, na mwali huwa mrefu kuliko mkono wa mtu. Dawa yake ni kununua regyuleta ya mgandamizo mkubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya vichomeo vya ufundi, pamoja na mpira wake unaoendana nayo na vali ya kuzuia mwali usirudi nyuma. Vifaa hivi ni ghali kuliko vya jikoni, nasi hatulifichi hilo. Mafundi wawili au watatu wanaweza kushirikiana karakana moja na seti moja ya vifaa vizuri, na kwa maoni yetu ni afadhali hivyo kuliko kila mmoja kuwa na vibovu vyake.

Viungo vyote vibanwe kwa klipu za chuma, si kwa waya wa kufungia miti wala kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kila mtungi unapobadilishwa, fundi achanganye sabuni na maji, apake povu kwenye koki, kwenye regyuleta na kwenye ncha mbili za mpira, kisha afungue gesi akiwa hajawasha kitu. Povu likitoa mapovu yanayokua, pana uvujaji. Wako wanaopima kwa kiberiti. Tunawaomba waache. Mpira wenye nyufa unapokunjwa, au uliogeuka kuwa mgumu, ukatwe vipande na kutupwa, usipewe mtu mwingine.

Mezani penyewe mambo ni ya kawaida, ila husahaulika. Mlango na dirisha viwe wazi, kwa kuwa mwali katika chumba kilichofungwa huzalisha hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo humlegeza mtu bila yeye kujua. Kiberiti kiwashwe kwanza, gesi ifunguliwe baadaye. Kazi ifanyike juu ya tofali la kuhimili moto au kigae kizito, wala si juu ya ubao mtupu. Nguo za nailoni huyeyuka zikashika ngozi, hivyo aproni ya ngozi au ya pamba nzito ni bora, na mtandio ufungwe nyuma. Tindikali ya kusafishia fedha isikae karibu na mtungi, maana mvuke wake hula koki na kuukausha mpira. Wale wachache wanaochanganya gesi na oksijeni wakumbuke kutopaka mafuta wala grisi kwenye viungo vya oksijeni. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti.

Jambo moja linawasumbua mafundi wenye mitungi midogo. Baada ya kuyeyusha kwa muda mrefu, mtungi huwa baridi, hutoa jasho, pengine hata kuganda barafu kwa nje, na mwali hufifia ingawa gesi ingalimo. Hiyo si hitilafu. Kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto kutoka kwenye chuma, na mtungi mdogo hauna joto la kutosha. Fundi asiye na subira huusogeza mtungi karibu na jiko la mkaa, au huutia kwenye beseni la maji yanayochemka, au huulaza chali ili gesi itoke kwa wingi. Yote matatu ni hatari. Joto huongeza mgandamizo ndani ya mtungi, na mtungi uliolazwa hutoa kimiminika badala ya gesi, kikafika kwenye kichomeo na kuruka kama moto unaotemwa. Fundi na apumzike, mtungi upate joto la hewa. Ikiwa kazi yake ni ya kuyeyusha kila siku, anahitaji mtungi mkubwa zaidi au kichomeo chenye tundu dogo zaidi.

Tugeukie ununuzi. Wengi wa Nakivale hununua gesi Mbarara au katika vituo vya biashara vya Isingiro, na mtungi husafiri kwa bodaboda au kwa taksi. Usafirishwe wima, umefungwa vizuri, kifuniko kikiwa mahali pake, wala usiachwe juani juu ya gari. Kabla ya kuupokea, mnunuzi aangalie kama lakiri ya muuzaji haijavunjwa, kisha aupime kwenye mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma. Ukiujumlisha na kilo za gesi zilizonunuliwa, utapata uzito unaopaswa kuuona. Mtungi uliovushwa mpaka kwa njia ya Kikagati, ikiwa kichwa chake hakiingiani na regyuleta ya hapa, usilazimishwe kwa kiungo cha kuchongesha.

Lipo tatizo lingine ambalo kwetu ni la uhalifu, wala si la uzembe tu. Wapo wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo majumbani, kwa mpira na mtungi ulioinamishwa, na kuuza kwa bei ya chini. Sheria ya Ugavi wa Petroli ya mwaka 2003 inataka biashara ya bidhaa hizi ifanywe na wenye vibali. Anayejaza kwa kukisia huujaza mtungi mpaka juu, ilhali kiwandani huachwa nafasi ya karibu sehemu moja katika tano ili kimiminika kipate pa kutanukia kunapokuwa na joto. Mtungi uliojazwa pomoni ukipigwa na jua la mchana unaweza kutoa gesi kwa nguvu au kupasuka.

Asiyeamini na akumbuke yaliyotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024. Gari lililobeba gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi lililokuwa katikati ya makazi ya watu. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba ilikuwa imeyakataa maombi ya kibali kwa ajili ya eneo hilo katika mwaka 2023, kwa sababu za usalama zikiwamo wingi wa watu wanaolizunguka. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa, na wengi wao walikuwa majirani waliokuwa nyumbani mwao, hawakununua wala kuuza gesi hiyo. Nairobi ni jiji lenye vikosi vya zimamoto na hospitali nyingi. Sisi tunalazimika kujiuliza hali ingekuwaje Base Camp au Juru, ambako kutoka Mbarara ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari, na mvua ikinyesha barabara ya murramu hurefusha safari hiyo.

Umbali huo ndio unaotufanya tusisitize dakika za mwanzo. Harufu ya gesi ikisikika na hakuna kinachowaka, koki ya mtungi ifungwe, watu watolewe, watoto waliolala chini wakitangulia. Milango na madirisha yafunguliwe. Swichi ya umeme au ya taa ya sola isiguswe, iwe ya kuwasha au ya kuzima, na simu ipigwe ukiwa umetoka nje na kusogea mbali. Majirani waambiwe mara moja wasiwashe moto, na bodaboda iliyoegeshwa ukutani isipigwe staata bali isukumwe. Mtu asirudi ndani mpaka harufu imekwisha kabisa.

Moto ukiwa umeshika kwenye mpira au kwenye kichomeo, na koki inafikika bila kuungua, ifungwe, na mwali utakufa wenyewe. Kitambaa kilicholowa maji husaidia kuukinga mkono. Ikiwa koki haifikiki, mwali unaotoka kwenye mtungi usizimwe kwa nguvu, kwa maana gesi itaendelea kutoka bila kuwaka, itajikusanya, kisha italipuka kwa pamoja. Vitu vya karibu ndivyo vya kumwagiwa maji au mchanga. Na ikiwa mtungi wenyewe umezungukwa na moto, hakuna mali ya kuokolewa hapo. Watu wote wakimbie mbali, wapite nyuma ya kuta imara, na wawazuie watazamaji. Tunafahamu kwamba dhahabu ya mteja huenda imo ndani ya kijaluba mezani. Mteja ataelezwa, na polisi tuko tayari kuandika taarifa ya tukio atakayoonyeshwa.

Aliyeungua atolewe pete, bangili na saa kabla viungo havijavimba, kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi yasiyo ya moto kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, siagi, unga na majivu visipakwe. Nguo iliyoshika ngozi isibanduliwe. Afunikwe kwa kitambaa safi na kupelekwa kituo cha afya, na ikiwa ameungua usoni, mikononi au sehemu kubwa ya mwili, wahudumu watampa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara.

Wenyeviti wa RWC kwa upande wa wakimbizi, na wa LC1 kwa upande wa wenyeji, tunawaomba wazijue karakana zote za gesi zilizo katika vijiji vyao, si kwa kuzitoza bali ili usiku wa tukio ajulikane yupi anakaa na mtungi. Simu ya dharura ni 999 au 112. Anayepiga ataje eneo na kijiji, aseme kinachoungua ni nini, kama kuna mtungi wa gesi na uko upande gani wa nyumba, na kama kuna watu waliobaki ndani. Asikate simu kabla hajaulizwa maswali. Wakati huo huo atumwe mtu kwenda barabara kuu kulisubiri gari, akiwa na tochi kama ni usiku, na awe ni mtu anayeijua njia inayopitika kwa gari kubwa, kwa kuwa vijia vilivyo kati ya nyumba haviwezi kulipitisha.